Mikono ya Baridi

Jumamosi iliyopita nilipita Nyamityobora, hapa Mbarara, nikaona bendeji ndefu zimefuliwa na kuanikwa kambani. Wewe ungepita zako. Mimi nilisimama hadi mwenye nyumba akatoka kunitazama, maana nilikuwa nimeuona mguu wa bibi yangu, na wivu ukanipanda kama vile nina miaka kumi tena.

Tuliishi Nakivale, kambi ya wakimbizi hapahapa Uganda. Bibi, ambaye sisi Wakongo tulimwita Koko, alikuwa na mguu wa kushoto uliovimba tangu ujana wake wa kulima pekupeku, na juu ya kifundo palikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Muuguzi wa zahanati alitufundisha: osha kwa sabuni kila siku, kausha katikati ya vidole, paka mafuta, funga bendeji kuanzia vidoleni ukipanda hadi chini ya goti, kisha inua mguu juu ya kiti. Basi kila jioni, maharage yakitokota na moshi wa kuni ukituwasha macho, beseni la njano lilitolewa uani.

Aliyeitwa kuosha hakuwa mimi. Alikuwa binti wa jirani, Mrundi, aliyenizidi mwaka mmoja tu.

"Acha uyu anioshe," Koko alisema. "Mikono yake ni ya baridi. Weye uko na haraka mingi."

Mimi nikatumwa maji.

Kuosha kwenyewe kusingeniuma. Kilichoniuma ni kwamba Koko alisimulia hadithi wakati wa kuoshwa tu: kijiji chake kule Kivu ya Kusini, ng'ombe wao mkorofi, harusi yake iliyonyeshewa mvua. Mguu ukishafungwa, na mdomo umefungwa. Nilikuwa nikirudi na dumu langu nakuta kicheko ndiyo kinaisha. Bibi ni wangu, hadithi anakula jirani! Nilimchukia yule msichana hata kwa jinsi alivyokamua kitambaa.

Jioni moja, alipokwisha kufunga na kwenda kwao, nilimkuta Koko amesinzia kitini. Nikaona leo watajua nani fundi. Nikaifungua bendeji, nikaifunga upya kuanzia gotini kushuka, nikaikaza kama tunavyokaza mzigo wa kuni usimwagike njiani. Ilipendeza, usinicheke.

Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi, na kidonda kilichokuwa kimeanza kujifunga kilikuwa kinatoa damu. Mama akauliza nani alifunga. Sote tulimtazama yule msichana, aliyekuwa amekuja kumjulia hali Koko. Naye alinitazama mimi, akainamisha kichwa. Mama akamwambia asiguse tena mguu ule. Nikanyamaza, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Beseni likawa langu. Kwa miaka miwili nilimwosha Koko taratibu, nikafunga kutoka vidoleni, uvimbe ukapungua, kidonda kikajifunga kabisa. Majirani walinisifu. Lakini hadithi? Hakuna. Koko aliitazama mikono yangu ikifanya kazi, na nikimaliza alisema, "Aksanti, mwanangu," basi. Nikadhani uzee umemfunga ulimi. Kisha akafa.

Leo kazi yangu ni hiyohiyo, naosha vidonda vya watu hapa Mbarara, na wagonjwa wananisimulia mpaka nachoka. Ya Koko ndiyo sina.

Zile bendeji za Nyamityobora zilinipeleka kambi ya Oruchinga Jumapili, alikoolewa yule binti wa jirani. Nilimkuta anamenya ndizi, bintiye mdogo pembeni akimwiga yule ng'ombe mkorofi, jinsi alivyomwangusha babu yangu mtoni. Babu yangu! Mtoto wa watu anamjua kuliko mimi. Wivu ulinipanda kama zamani, na ni wivu huo ulionisemesha: ile bendeji niliikaza mimi.

Hakuacha kumenya. "Nilijua asubuhi ileile, dada. Koko pia alijua. Hakuwa amelala."

"Mbona hakuniambia kitu?"

"Nilikuwa nakwenda kumuona ukiwa shule. Nilimuuliza mbona anakunyamazia. Akasema, 'Namungojea. Siku atasema ni yeye alifunga, nitamusimulia yote.'"

Miaka miwili, kila jioni, mguu ule ulikuwa mapajani pangu.