Nyumba Nyeupe ya Mama

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Bwana Funguo, maana rundo la funguo halimbanduki kiunoni, na hata mmoja si wake. Ni za nyumba za majirani zetu wa zamani. Watalii walipoanza kufurika kisiwani, waliuza mmoja baada ya mwingine wakahamia nyuma ya kiwanda cha saruji. Wawekezaji hununua kwa simu tu, na kazi ya kaka ni kuzigeuza nyumba hizo ziwe za kupangisha wageni. Anatoa picha za ukoo ukutani, anapaka rangi nyeupe, anatandika mashuka meupe, anakunja taulo mbili na kuziweka miguuni pa kitanda. Mabaki ya wenyewe anayatia kwenye viroba vya taka. Mwanzoni alikuwa akirudi hagusi chakula. Sasa ni mwaka wa kumi na moja, anakula na kulala fofofo.

Mama alikataa kuuza. Dalali alikuja hadi soli zikaisha. Mama alimnywesha chai, akamwambia arudi siku atakayosikia kwamba yeye mama amezikwa.

Kisha mama akaugua. Wiki tatu nililala naye hospitali, na kumbukumbu zikawa zinamtoka. Mimi akiniita kwa jina la marehemu dada yake. Daktari alituambia tumrudishe kwake haraka. Akiona vitu alivyovizoea, huenda akatulia. Akikaa ugenini, tutampoteza kabisa.

Nikampigia kaka simu, nikamwambia aiandae nyumba vizuri. Maneno yangu hayo, kwa hiyo simlaumu peke yake.

Siku ya kurudi nilitangulia kuingia. Harufu ya rangi ilinipiga usoni. Picha ya baba haikuwepo, wala zetu za shule. Kochi la mama lililobonyea upande mmoja lilikuwa limeondoka, na mahali pake pana viti viwili vipya. Chumbani, taulo mbili miguuni pa kitanda. Kaka alikuwa anafuta brashi, ameridhika kama mtu aliyemaliza kazi mapema. Nilipomuuliza picha ziko wapi, aliugeukia ukuta mtupu. Gari la taka lilikuwa limepita tangu asubuhi.

"Sikufikiri," akasema. "Mikono ilikwenda yenyewe."

Nilitaka kumgombeza. Nilitafuta hasira sikuiona, nikarudi nje kumshika mama mkono.

Mama aliingia taratibu. Aligusa ukuta, akakitazama kidole. Akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

"Pazuri," akasema. "Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe ni sisi, mama."

Akanitabasamia kwa adabu, vile unavyomtabasamia mhudumu. Kisha akamgeukia kaka, akamuuliza wageni wanaruhusiwa kukaa hadi lini. Kaka, kwa sauti ileile ya kazini, akamjibu akae hadi atakapopenda. Mama akamshukuru.

Tulipaka ukuta rangi ya zamani, tukatafuta kochi linalofanana. Haikusaidia. Huu ni mwezi wa tatu. Kila asubuhi mama anatandika kitanda chake, anaoga, anavaa viatu, anakaa na mkoba wake akisubiri tuje kumpeleka nyumbani kwake.