Vinyoya vya Bawa Moja

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi mjini Mpanda, na mimi ndiye niliyetunza daftari la mahudhurio ya viwanjani. Soka lilijaza ukurasa likaingia wa pili. Netiboli ilifuata. Mpira wa vinyoya ulikuwa na majina manne, mawili yakiwa ya wasichana waliokosa nafasi kwenye netiboli.

Mchezo huo aliuleta mwalimu wa sayansi, mwanamke mwembamba aliyehamia kwetu na raketi nne, wavu na kopo la vinyoya. Wavu aliufunga nyuma ya darasa la saba, ambako ukuta ulikinga upepo kidogo. Kufikia Septemba vinyoya vyote vilikuwa vimechakaa, na kwenye maduka ya mtaa wa Kashaulili hakuna aliyewahi hata kuviona. Mwalimu mkuu akatamka ofisini:

"Mvua zikianza, kiwanja kisichochezewa tunapanda mahindi."

Hakuwa mkorofi. Uji wa watoto ulitoka kwenye mahindi hayo.

Mwalimu wa sayansi akaanza kutengeneza vinyoya mwenyewe. Alikata kipande cha gunzi la mahindi, akakitoboa kwa msumari, akachomeka manyoya ya kuku na kuyakaza kwa uzi. Kilipopigwa kiliyumba, kikapinduka, kikaanguka kabla ya kufika wavuni. Wavulana wa soka waliacha mpira wao waje kucheka.

"Nyie, huyo kuku mpelekeni kwa bwana mifugo!"

Mwalimu alikiokota, akakigeuzageuza, akaenda kutengeneza kingine. Wiki ile nilihesabu tisa, na vyote viliyumba.

Cha kumi kilimwangukia miguuni mlinzi wetu, aliyekuwa akiingia zamu na upinde wake na podo la mishale. Alikuwa wa kabila la Wakonongo, fundi wa mishale, na kwa kawaida hakusimama popote ila kwenye soka. Siku hiyo alisimama.

"Mwalimu, hiki umekitengeneza wewe?"

"Mimi, kaka. Cheka tu, wenzako wameshamaliza."

"Sicheki. Umechanganya mabawa. Unyoya huu ni wa kulia, huu wa kushoto, humo ndani wanagombana. Mshale wa namna hii unamkosa hata ng'ombe aliyelala."

Akachomoa mshale mmoja akamwonyesha. Manyoya yake matatu yalipinda upande ule ule.

Mwalimu aliutazama, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Na mimi mabawa ya ndege nafundisha kila mwaka!"

Kesho yake watoto walileta manyoya ya bata. Yalipangwa juu ya dawati mafungu mawili, kulia na kushoto, na mlinzi akawa mwamuzi. Kinyoya cha kwanza cha bawa moja kiliondoka kwenye raketi kikizunguka, kikapita juu ya wavu na kushuka kimenyooka. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wavulana wa soka akasema, "Mwalimu, na mimi nipige."

Mvua ya kwanza iliponyesha, mwalimu mkuu alikuja na kamba ya kupimia matuta. Alikuta foleni. Aliomba raketi, akakosa mara mbili, ya tatu akapiga. Akaiangalia kamba mkononi mwake.

"Pandeni kuzunguka," alisema. "Mstari wa nje msiuguse."

Katika daftari langu soka liliendelea kuongoza, tena kwa mbali. Lakini ilipofika Februari mahindi yalikuwa yamewapita wachezaji kimo, yakazunguka kiwanja pande tatu, na upande wa nne ulikuwa ukuta wa darasa. Upepo haukupata pa kuingilia. Sijaona kiwanja kizuri kuliko kile.

Siku ya kuvuna tuliokota vinyoya kadhaa kati ya mabua. Mlinzi alichukua kimoja kilicholoa, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Kushoto," alisema, akakitia kwenye podo lake.