Tovuti Tatu na Magunia Matupu

Kabla ya usaili wa Masasi nilijifunza kuandika programu za kompyuta kwenye tovuti tatu, na kila moja ilinichosha kwa namna yake. Nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari moja hapa Newala, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, na kazi yenyewe nilikuwa nimeichoka kupita kiasi. Kiwanda cha kubangua korosho cha Masasi kikatangaza nafasi ya mtu wa kuandika programu za mizani. Nafasi moja tu, na niliitaka.

Tovuti ya kwanza ilifundisha kwa video. Mkufunzi alieleza vizuri, ila alipenda mno kusimulia. Bando liliisha yeye bado anajitambulisha. Ya pili ilikuwa kama mchezo: ukifanya zoezi kila siku unawashiwa alama ya moto, ukikosa inazimika. Yangu ilizimika tulipokwenda msibani Tandahimba, kwa mama mkubwa. Nani angekaa matangani anabonyeza simu? Niliporudi nikakuta ujumbe unaoniambia niongeze bidii. Nilikasirika nikaifuta. Ya tatu haikuwa na video wala sifa: swali, nafasi ya kujibu, na ukikosea inakuonyesha mstari wenye kosa. Ni kavu kama makopa ya muhogo, lakini mtu akiniuliza leo namwambia aanze na hiyo.

Kwenye usaili tulibaki wawili. Mwenzangu alikuwa mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, ambaye mkataba wake shuleni ulikuwa umekwisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na wewe umo?"

Nikampisha kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma yake.

Tulitakiwa kuandika programu ya kujumlisha uzito wa mzigo wa korosho na kutoa uzito wa magunia yenyewe, kisha kila mmoja akague kazi ya mwenzake mbele ya wasaili. Kosa la mwalimu nililiona mara moja: alikuwa ametoa uzito wa gunia moja tu, hata mzigo uwe na magunia mia.

Huku kwetu mwalimu wako humwambii amekosea, tena mbele za watu. Unamwuliza, naye anaelewa. Ndivyo tulivyolelewa.

"Mwalimu, naomba kuuliza," nikasema. "Hapa magunia matupu tumeshayatoa yote?"

Akainama kwenye kompyuta. "Ah, la. Nimetoa moja." Akarekebisha.

Msaili mmoja, kijana aliyetoka Dar es Salaam, akamsifu kwa kugundua kosa lake mwenyewe haraka vile. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama nimeona tatizo lolote.

"Limeshatengenezwa," nikajibu.

Kazi yangu mwalimu aliikagua akasema iko sawa.

Walimchukua yeye. Iliniuma sana, na sitaki kuipamba. Tovuti zote tatu zilinifundisha kutafuta kosa, lakini hakuna hata moja iliyowahi kunitaka nimwamkie mtu kwanza.

Nilimpigia simu kumpongeza. Alishukuru, kisha akauliza, "Mwanangu, lile kosa ulikuwa umeliona, siyo?"

"Nililiona, mwalimu."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Nilikuambia wewe."

"Kweli," akasema, "uliniambia. Naanza Jumatatu."