Siku Niliyokwenda Harusini Kinyumenyume

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyoendesha gari kinyumenyume kwenda harusini.

Sikusoma sana, na nilikuwa kijana wa aibu. Hata dukani mtaani kwetu Shively, Louisville, Marekani, nilinyoosha kidole tu, nisichekwe kwa Kiingereza changu. Lakini leseni nilikuwa nayo (na nywele zote pia). Basi binamu yangu Neema alipoolewa Skotlandi, walikopelekwa yeye na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi, mimi ndiye niliyepewa usukani. Baba alisafiri nami kutoka Louisville, baba mdogo akatoka Columbus, shangazi akatoka Buffalo na sanduku zima la vitenge. Baba yake Neema alifia kambini, kwa hiyo Baba ndiye angemshika mkono kumwingiza kanisani. Bila yeye harusi haianzi.

Barabara za milimani kule ni nyembamba, linapita gari moja. Hapa na pale wamepanua kando, mmoja amngojee mwenzake. Mimi sikujua. Gari la kwanza lilisimama mbele yetu, likaniwashia taa mara mbili. Mjini Louisville, aliyekuwashia taa hivyo mara nyingi amekasirika. Nikarudi nyuma mbali, nikampisha. Likaja la pili, nikarudi tena.

"Hawa kondoo wanatufuata?" shangazi akauliza. "Ni mara ya tatu nawaona."

"Bon, kijana," akasema baba mdogo, "harusi iko mbele ao iko nyuma?"

Wakacheka mpaka gari likatikisika. Mimi jasho lilinitoka. Ilibaki nusu saa. Nilijua ninakosea, lakini niliona afadhali Neema angoje kuliko mimi nifungue kioo na kuuliza.

Gari la tatu lilikuwa la mzee mmoja mfugaji, na mbwa wake kando. Likawasha taa. Nikashika gia ya kurudi nyuma.

"Simama," Baba akasema.

Akashuka, akavua kofia, akampa yule mzee mikono miwili. Kwetu Itombwe, milimani kule Kongo, watu wakikutana kwenye njia ya ng'ombe hawapitani bila kuulizana habari. Akauliza habari ya watoto, ya mifugo, ya mvua, yote kwa Kiswahili chetu na maneno matatu ya Kiingereza. Mzee alicheka sana. Akaonyesha pale palipopanuliwa alipokuwa amesimama, akaonyesha taa zake, kisha akatupungia mkono tupite.

Baba akarudi. "Anakukaribisha, kijana! Wote walikuwa wanakukaribisha, na wewe unawakimbia!"

Tukapita. Tangu hapo Baba alitoa mkono dirishani kwa kila gari, akipiga kelele, "Mungu akubariki!" Tulifika kwaya ikirudia wimbo ule ule mara ya nne. Neema alikuwa mlangoni, viatu mkononi. Alipomwona Baba alikimbia na gauni lake jeupe, na shangazi akapiga vigelegele kabla hajafungua mlango wa gari.

Basi mwanangu, usipojua jambo, uliza mapema. Watakucheka kidogo, halafu watakusaidia. Mimi kwa aibu yangu nusura nimwache msichana mlangoni bila baba wa kumshika mkono. Na mtu usiyemjua usiseme amekukasirikia kabla hujamsalimia.

Mungu akulinde katika safari zako, akupe kinywa cha kuuliza, na kila utakapofika ukute watu wanaokungoja kwa furaha.