Jicho la Kipanga Mgeni

Kule Umalila, juu ya Mbeya, hakuna aliyethubutu kupanda ulezi kabla Mzee Anyitike hajasema. Kazi yake ilikuwa kumtambua kipanga mdogo wa msituni, yule mgeni anayefika mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya mvua. Shida ni kwamba msitu ule ulikuwa na kipanga mwingine, mwenyeji, aliyefanana naye kama pacha: kifua cha madoadoa, mkia wa mistari. Mwenyeji ana jicho la manjano, mgeni ana jeusi. Tena mgeni halii kamwe akiwa huku. La jicho kila mtu alilijua; hili la kutolia Anyitike alinong'onezwa na baba yake, na hakuna mwingine aliyelijua. Wengine walikatazwa hata kumtazama ndege huyo. Akitazamwa na wengi, ati, hugeuka akarudi na mvua yake.

Mwaka 1953 mtoto wa jicho alikwisha kumshika mzee macho yote mawili. Hakumwambia mtu, hata mkewe Atuganile. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tusimcheke. Mtu akinyang'anywa kazi moja aliyosifiwa nayo maisha yake yote, anabaki na nini?

Na mwaka ule haukuwa wa kubahatisha. Mavuno yaliyopita yalikuwa haba, na mbegu zilizobaki kijijini zilitosha kupanda mara moja tu.

Asubuhi moja ndege akatua mtini, kando ya mashamba yaliyochomwa. Watu wakainamisha vichwa. Jirani wa mzee, Mika, baba wa watoto sita, akauliza huku akitazama miguu yake, "Jicho lake likoje, baba?"

Anyitike aliona kidoa cha kahawia ndani ya ukungu, basi.

"Jeusi," akasema. "Pandeni."

Wakapanda kutwa, wakiimba. Jua likawaka juu ya majivu makavu, sisimizi wakaanza kubeba mbegu. Jioni, Mika alipobakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu, ndege akalia kule mtini: kek, kek, kek.

Mzee akageuka. Neno moja tu, "Acheni," lingekiokoa kibuyu kile. Akafungua mdomo.

"Umesikia, baba?" Mika akacheka. "Hata mgeni wako anatushangilia!"

Watu wakaangua kicheko, Atuganile akapiga vigelegele. Anyitike akafumba mdomo. Mika akachota konzi ya mwisho, akairusha majivuni.