Kanyere na Maji ya Mto

Kanyere alivunjwa mkono wa kuume akiwa na umri wa miaka kumi na minne, mchana kweupe, mbele ya watu waliomjua tangu kuzaliwa, na kosa lake lilikuwa kufikiri kwa utaratibu. Waliomvunja waliitwa wazalendo. Yeye aliitwa muuaji, na jina hilo lilidumu kuliko vita yenyewe.

Alizaliwa katika kijiji kimoja cha Kalunguta, mashariki mwa Kongo, binti wa Kaswera, mjane aliyelima maharagwe na kuyauza sokoni Butembo. Darasani alimaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini, kisha akakaa kutazama dirishani, na wenzake hawakumsamehe. Hata shambani wasichana walihama mstari wake, maana kila walipozungumza yeye aliuliza, "Munajuaje?" Mtu akisema mvua itanyesha kwa kuwa kunguru amelia, Kanyere alitaka kujua ni mara ngapi kunguru alilia na mvua isinyeshe. Hakuwa na dharau. Alidhani kila mtu anapenda kujua, na kila mara alishangaa kuona nyuso zikimfungia.

"Funga kinywa, mutoto wangu," Kaswera alimwambia. "Batu hapana penda kuulizwa."

Mwaka 2001 Mayi-Mayi, wapiganaji wa kienyeji, wa komanda Malachie walipiga kambi juu ya kijiji ili kupigana na wanajeshi wa kigeni walioshika barabara ya Butembo na Beni. Kila nyumba iliamriwa kutoa kijana. Nyumba ya Kaswera ilimtoa Kakule Stanislas, kaka yake Kanyere, mwenye miaka kumi na saba. Kisha wakarudi kumchukua na dada. Dokteri Zorobabel, aliyechemsha maji yaliyosemekana kugeuza risasi kuwa matone, alihitaji msichana ambaye hajamjua mwanamume ili awamwagie wapiganaji kabla ya vita. Hakuna aliyemuuliza Kanyere kama anataka.

Wapiganaji walisikia sifa zake za shule wakamwita Madame Calcul, yaani Bibi Hesabu.

"Madame Calcul, unihesabie nywele!" mmoja alimchokoza akiinamisha kichwa chini ya kopo.

"Nywele hapana mingi. Nihesabu chawa?"

Foleni nzima ilicheka. Huo ulikuwa wakati pekee ambao Kanyere alijiona mmoja wao.

Lakini watu walikufa. Walirudishwa kwenye machela za mianzi, matumbo yao yakiwa yamefunikwa kwa majani ya migomba, na kila mara dokteri alikuwa na jibu. Huyu aligusa mwanamke. Yule aliiba kuku. Yule mwingine aligeuka nyuma, na kugeuka nyuma vitani ni mwiko. Siku moja bomu lilimwangukia kijana aliyekuwa amelala, likamkata miguu yote miwili, akafa akimwita mama yake. Kanyere aliuliza huyo naye alivunja mwiko gani, na yeye alikuwa usingizini.

"Aligeuka nyuma ku ndoto," Zorobabel akajibu, kisha akampiga kofi lililompasua mdomo.

Hapo Kanyere alielewa kwamba maji yale hayakuwahi kupewa nafasi ya kushindwa. Aliyepona alithibitisha nguvu zake. Aliyekufa alithibitisha mwiko. Na Kakule alikuwa katika foleni hiyo, akiamini.

Asubuhi ya shambulio lililofuata, Kanyere aliweka mbele yake bidoni mbili za manjano, madumu ya kubebea maji. Moja ilikuwa na maji ya dokteri, yenye majani na harufu ya moshi. Nyingine aliijaza mtoni, akatupia majani machache yaelee. Alimwagia mpiganaji mmoja maji ya dokteri na aliyemfuata maji ya mto, hivyo hivyo hadi mwisho, bila kuchagua sura. Kakule alipofika, zamu ilikuwa ya mto. Kanyere hakubadilisha kopo.

Wapiganaji tisa hawakurudi. Watano walikuwa wamemwagiwa maji ya dokteri, wanne ya mto. Kanyere alijua kwamba tisa ni wachache mno kuthibitisha lolote. Angetaka kujaribu tena na tena kabla ya kusema neno. Lakini mchana wa siku ya pili yake komanda alikusanya wapiganaji na wanakijiji kwenye uwanja wa kambi, akatangaza kwamba kesho watashambulia ngome yenyewe ya adui, na kwamba Kakule, aliyerudi bila hata mkwaruzo, atatangulia mbele ya wote.

Wapiganaji walianza kupanga foleni ya kumwagiwa papo hapo, maana wangeondoka usiku, na wa kwanza walikuwa wamekwisha kulowa, Kanyere alipoweka kopo chini.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hii maji haifanye kitu. Jana nusu yenu niliwamwangia ya mto tu. Ba ya mto balikufa, ba ya dokteri balikufa. Ni sawasawa. Yaya yangu Kakule asiende!"

Alikuwa ameandaa hoja. Wao walisikia ungamo.

Mama mmoja, Kasika, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale tisa, alimrukia na kumng'oa nywele. "Ni weye uliua mutoto yangu! Ulimunyima dawa!" Wengine wakamfuata kwa fimbo na mateke. Kanyere alijaribu kupiga kelele kwamba mtoto wa Kasika alikuwa mmoja wa wale watano, kwamba alimwagiwa maji ya dokteri hadi yakamwingia machoni. Damu ilimjaa kinywani. Zorobabel akaagiza mkono uliomwaga maji ulazwe juu ya kinu. Mpiganaji mmoja alinyanyua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, akaushusha mara mbili. Watu waliokuwa nyuma kabisa walisikia mfupa.

Kisha komanda akamkabidhi Kakule ule mchi. "Maliza. Kichwa."

Kakule alimsogelea dada yake aliyelala chini. Hakuinua mchi.

"Kanyere. Mimi, uliniwekea gani?"

"Ya mto, yaya."

"Mimi? Ndugu yako, mutoto ya mama moja? Ulitaka nikufe?"

"Nilitaka nijue. Kama ningekutosha kando ku foleni, hesabu ingekuwa bongo, uongo tu."

Watu wote walimtazama Kakule: mzima, miguu miwili, macho mawili. Zorobabel aliliona hilo upesi. "Alipona juu ya kushika miko yote," akasema. "Mutakatifu huyu."

"Miko gani?" Kakule aligeuka kumwelekea. "Dokteri, mi jana niligeuka nyuma saa yote. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Ni mbio ndio iliniponyesha!"

Mtu mmoja alicheka kwa mshtuko. Komanda alimpiga Kakule usoni kwa kitako cha bunduki, kisha, alipoona mchi bado uko mkononi mwake, akafyatua risasi. Kakule alikuwa anaanguka. Risasi ilimpita juu ikampata kijana aliyesimama nyuma yake katika foleni, maji ya dokteri yakiwa bado yanamchuruzika shingoni. Ilimtoboa koo. Kijana alijishika kwa mikono yote miwili, akatazama maji na damu vikichanganyika kifuani, akapiga magoti.

Hakuna mwiko uliotajwa. Foleni ilivunjika; vijana walitupa hirizi wakakimbilia migombani, na komanda akawafyatulia mgongoni. Katika mvurugo huo Kakule alimbeba dada yake begani akashuka naye bondeni, uso wake ukivuja damu. Shambulio la kesho yake halikufanyika. Kakule yu hai hadi leo. Anauza mbao Beni.

Mtu angedhani kijiji kingeshukuru. Kilikaa, kikajadili, kikamkataza Kanyere kukanyaga tena ardhi yake. Naelewa sababu, na kuielewa hakupunguzi hasira yangu. Kama msichana yule alisema kweli, basi wazazi wale waliwatoa watoto wao kwa ajili ya bidoni ya majani yaliyochemshwa. Ilikuwa rahisi zaidi mzigo huo ubebwe na mtoto mmoja mwenye mkono uliopinda, ambaye tangu zamani hawakumpenda kwa maswali yake. Kaswera alilazimika kumfuata Butembo, akiacha shamba na kaburi la mumewe.

Tarehe 17 Agosti 2009 wazee wa kijiji waliondoa katazo hilo kwa kura. Kasika alikuwa miongoni mwa waliokataa liondolewe. Kanyere, wakati huo mwanafunzi wa hesabu wa mwaka wa tatu chuoni Butembo, hajarudi kijijini hadi leo.