Aliyegusa Meza ya Mzee Rula

Mzee Rula alikuwa karani mkuu wa masjala yetu ya ardhi. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu kila kitu mezani pake kilinyooka kana kwamba kimepigiwa mstari. Kalamu upande wa kulia, stepla na panchi bega kwa bega, na kikombe cha chai kilikuwa marufuku hata kukatiza jirani. Mimi nilikaa karibu na mlango kupokea wageni. Kwa kuwa wageni wenyewe hawakuwa wengi, nilipata nafasi nzuri ya kuchunguza mambo ya watu. Msinilaumu, macho hayana pazia.

Unadhifu ule haukuwa wa kupenda unadhifu. Ulikuwa ulinzi. "Mwenye meza chafu," alituhubiria, "anaibiwa hata kiti alichokikalia asijue." Kila jioni, kabla ya kuondoka, alifunga droo yenye mafaili ya siku hiyo, akabandika unywele wake mweupe kwa mate kwenye ufa, kisha akaiweka penseli ikielekea dirishani. Asubuhi alikagua kwanza, salamu baadaye.

Basi siku moja unywele haukuwepo. Kesho yake penseli ilikuwa imegeukia ukutani.

"Binti," alininong'oneza, "nani anaingia humu kabla yangu?"

"Sijui, Mzee. Labda mfagizi."

"Tangu lini mfagizi akafungua droo? Kuna mtu anakitaka kiti changu."

Alikuwa na sababu ya kuhofia kiti. Mafaili yalikuwa yakipotea, kisha yanaonekana kwenye kabati lisilo lake, na wenye ardhi walikuwa wakija kumfokea Bosi. Kwetu hakuna anayejisumbua kusoma maandishi ya juu ya faili. Mkono hufuata utepe. Kijani ni shamba, buluu ni kiwanja, na Mzee Rula ndiye aliyezifunga tepe zote. Ukikosewa utepe mmoja, faili hilo utalitafuta mpaka uchoke. Bosi alikwishatutangazia kwamba siku atakayomjua mchanganyaji, siku hiyo hiyo mtu huyo anakwenda nyumbani. Na Mzee Rula alikuwa amebakiza kidogo astaafu, huku wajukuu wake wote wakisoma kwa mshahara ule ule.

Tuhuma zikamwangukia Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale ofisini, lakini sote tulimwita hivyo. Alikaa meza inayotazamana na ya Mzee Rula, na walikuwa wamezeeka pamoja wakinyweshana chai. Meza yake ilikuwa vurugu tupu: maganda ya karanga, sindano za kufumia, na mafaili yaliyokaliwa na mkoba.

"Mtu mchafu namna ile," Mzee aliniuliza, "anawahi kazini kuliko sote, anafuata nini?"

Nikakumbuka kwamba siku moja nilipomkuta asubuhi peke yake, Shangazi alishtuka na kuanza kuulizia habari za mama yangu, ambaye hamjui. Mimi nami nikamtia jicho la pembeni. Chai ikakoma. Shangazi alipopita, Mzee alifunika karatasi zake kwa kiganja kama mwanafunzi asiyetaka kuibiwa majibu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema kwa sauti, makusudi asikike.

Mwisho akaniomba niwe shahidi. Tulifika mapema, tukapanda ngazi kwa kunyata, akausukuma mlango ghafla. Shangazi alikuwa kwenye droo ya Mzee Rula, faili mapajani, anafungua utepe.

"Nimekukamata!" Mzee alipiga kelele mpaka Bosi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akaja mbio. "Huyu ndiye anayeharibu kazi yangu nionekane sifai!"

"Shangazi, ni kweli?" Bosi aliuliza.

Shangazi alimtazama Mzee. Nilitegemea ajitetee, atukane hata. Akasema tu, "Ni kweli nilikuwa nayagusa mafaili yake."

"Kwa nini?"

"Basi tu, Bosi."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa siku nyingi hakufukuzwa, ila alishushwa stoo ya chini kulinda viti vibovu. Kila aliyepita pale alimwita mchawi wa mafaili. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Mzee Rula alifunga kufuli mpya kwenye droo na funguo akazining'iniza shingoni. Hata hivyo mafaili yalizidi kupotea, tena kuliko mwanzo. Akakagua kufuli: zima. Akanituhumu mimi, akamtuhumu mfagizi, nusura amtuhumu Bosi. Hatimaye alibaki na mtu mmoja tu wa kumshuku.

Alikuja mezani kwangu na tepe mbili mkononi.

"Mwanangu, huu rangi gani?"

"Buluu, Mzee."

"Na huu?"

"Kijani."

Akazisogeza dirishani, akazirudisha. "Mimi naziona sawa," alisema. Nikaelewa Shangazi alikuwa akifanya nini kila asubuhi, na roho iliniuma.

Akaniomba nimsindikize stoo. Shangazi alikuwa anafuma, hakuinua kichwa.

"Umekuja kunipekua na huku?"

"Ulijua macho yangu yamechoka."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia, dada yangu?"

Shangazi akaweka sindano chini. "Ningekuambia, ungesemaje?"

Mzee Rula alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ningesema unakitaka kiti changu."

Mzee aligeuka, akapanda ngazi akipapasa ukuta, na mimi nyuma yake nikiogopa asije akaanguka. Nilidhani anarudi mezani. Akapita meza, akagonga mlango wa Bosi na kuingia bila kungoja jibu.

"Bosi, mrudishe Shangazi juu," nilimsikia akisema. "Anayechanganya mafaili ni mimi."